Dogo wa mtaani Paris aliyeoka keki za wafalme, na mkaa uliomtafuna

Leo siasa na ligi tuziweke pembeni kidogo. Nataka niwaletee historia ya jamaa mmoja wa zamani sana, Mfaransa, ambaye kila anayeoka keki ya ghorofa leo, awe kwenye hoteli kubwa Paris au huku kwetu Bujora kwenye jiko la mkaa, anafuata njia aliyoipita yeye hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Anaitwa Marie-Antoine Carême, tamka Karem. Hilo Marie lisikusumbue, Wafaransa wa zamani walikuwa wanampa hata mtoto wa kiume, na watu walimzoea zaidi kwa jina la Antonin. Ila hilo la pili ndilo linachekesha. Carême kwa Kifaransa maana yake Kwaresima! Yaani mtu aliyelisha wafalme kuliko wapishi wote wa enzi yake alikuwa anaitwa Bwana Kwaresima. Niliwaambia wanakwaya wenzangu hapa parokiani, wakadhani nawatania.

Alizaliwa Paris, na tarehe inayoandikwa zaidi ni 8 Juni 1784. Kwao walikuwa watoto wengi, baba alikuwa kibarua wa ujenzi, hali ngumu kweli kweli. Mwaka 1789 yakaanza Mapinduzi ya Ufaransa, mkate ukawa shida mjini, watu wakawa wanakatwa vichwa hadharani. Katika kipindi hicho, dogo akiwa na miaka kama kumi hivi, baba yake akamwacha mtaani ajitafutie mwenyewe. Hakumwacha kwa ndugu wala kwa padri. Mtaani. Wale madogo tunaowaona stendi na sokoni Mwanza mjini wakibeba mizigo ili wapate sahani ya ugali, basi huyu alikuwa mmoja wao, tofauti ni Paris tu.

Akapokelewa kwenye mgahawa mmoja wa bei rahisi. Kazi ilikuwa kuosha vyombo, kubeba kuni na kumenya, malipo yake chakula na mahali pa kulala. Shule hakuna.

Sasa hapa ndipo panaponigusa mimi. Mwaka 1798 hivi akapata kazi kwa mwoka keki maarufu aliyeitwa Sylvain Bailly, duka lake lilikuwa mtaa wa Vivienne, karibu na Palais-Royal ambako matajiri walikuwa wanapitapita. Na mtaa huo huo unapakana na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Bailly aliona dogo ana kitu, akawa anamruhusu kutoka kazini aende maktaba. Kijana aliyekuwa anajikongoja kusoma akawa anajifungia humo na vitabu vya picha za majengo: mahekalu ya Wagiriki, magofu ya Warumi, mapiramidi ya Misri, nyumba za China. Anazichora, anarudi jikoni, anazijenga upya kwa sukari, lozi na unga. Bailly anaziweka dirishani, watu wanajaa nje kushangaa. Kwa Carême kuoka na kujenga ilikuwa fani moja, na alishikilia hivyo mpaka mwisho.

Mimi nimemaliza sekondari na najua watu wengi ambao maktaba wanaijua kwa nje tu. Maktaba ya Mkoa ipo pale mjini. Na ukija huku Bujora, makumbusho ya Wasukuma, kuna jengo la vitu vya watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Angekuwa Carême angekaa pale na penseli siku nzima, jioni ungelikuta lile jengo limesimama mezani, linalika.

Sifa zikamfikia Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Napoleon. Huyo mzee alikuwa mjanja wa siasa wa kiwango cha juu, na alijua mgeni aliyeshiba vizuri huwa anaongea. Akamchukua kijana. Carême akafungua na duka lake mwenyewe mtaa wa la Paix, lakini karamu kubwa kubwa zilikuwa zinamwita. Napoleon alipoanguka mwaka 1814 na mfalme wa Urusi, Alexander wa Kwanza, akaingia Paris, alifikia kwa Talleyrand na aliyempikia ni Carême. Mwaka 1816 akaenda Uingereza kwa mtawala aliyekuja kuwa mfalme George wa Nne. Huko Brighton, Januari 1817, kwenye karamu moja ziliandaliwa sahani zaidi ya 100. Kule hakukaa. Mwaka 1819 akaenda Urusi, napo hakukaa, akarudi Paris akapikia familia ya Rothschild, matajiri wa benki. Hata ile kofia nyeupe ya mpishi iliyosimama wima, yeye ndiye anayetajwa kwamba aliipa umaarufu.

Ila wadau tusimsifie huku tumefumba macho. Sukari ya keki zile ilitoka wapi? Kabla ya mapinduzi sukari nyingi ya Ufaransa ilitoka Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na waliokuwa wanalima miwa ni Waafrika waliosafirishwa kama mizigo na kufanywa watumwa. Mwaka 1791 wakaamka wakapigana, mwaka 1804 wakatangaza nchi yao. Huku Waingereza nao wamefunga bahari. Sukari ikawa adimu Ufaransa, mpaka mwaka 1811 Napoleon akaamuru walime viazisukari ili wapate ya kwao. Kwa hiyo kijana huyu alijenga mahekalu ya sukari wakati sukari yenyewe inapiganiwa, na waliotoa jasho la mwanzo ni ndugu zetu. Vitabu vingi vya mapishi hapo huwa vinaruka.

Haya, turudi jikoni, maana najua kuna watu wanasubiri keki yenyewe. Keki za enzi zake hazikuwa na bekingi pauda. Hiyo ilitengenezwa Uingereza mwaka 1843 na Alfred Bird, Carême ana miaka kumi kaburini. Kilichokuwa kinainua keki ni yai lililopigwa tu. Na sukari ilikuwa inauzwa kwa mapande magumu kama jiwe, hivyo wapishi walisugua ganda la limau kwenye pande la sukari mpaka sukari inakuwa ya njano na inanukia. Sisi wa sukari ya kilo tunakwaruza ganda kwenye kikwaruzio, tunalifikicha na sukari kwa vidole. Inafika pale pale.

Mimi ya ghorofa tatu naifanya hivi. Mayai manne, tenga ute na viini. Viini piga na sukari gramu 120 yenye ganda la limau moja mpaka vibadilike rangi viwe vyeupe vyeupe na vizito. Ute piga peke yake kwenye bakuli kavu lisilo na hata tone la mafuta, mpaka ukigeuza bakuli haudondoki. Kwa uma, bila mashine, ni dakika kama 20 na mkono utauma ile mbaya, mpe mdogo wako zamu. Changanya viwili hivyo taratibu, kisha chekechea unga wa ngano gramu 100 juu yake huku unafunua kwa mwiko toka chini kwenda juu. Usikoroge kama uji, hewa yote itatoka na utapata chapati. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa unga.

Hiyo sufuria iweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliokwishapata moto, funika kwa mfuniko wa bati, weka makaa juu. Mengi juu, machache chini. Dakika 30 hadi 40, chomeka kijiti, kikitoka kikavu imeiva. Iache ipoe kabisa halafu ikate mara mbili kwa uzi, unapata ghorofa tatu.

Katikati ni rojo la limau. Juisi ya malimau mawili, mayai mawili, sukari gramu 100, siagi gramu 50, vyote kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, unakoroga bila kuacha mpaka liwe zito kama uji wa mgonjwa. Likichemka lenyewe mayai yanakatika, umeharibu. Limau likikosekana ndimu inafaa, ila onja kwanza, ndimu ni kali zaidi.

Nimeiandika habari hii kwa sababu ya hayo makaa.

Jikoni kwa Carême hakukuwa na gesi wala umeme. Kulikuwa na majiko ya matofali yenye matundu ya mkaa, mpishi anasimama juu yake toka alfajiri mpaka usiku. Na kwenye karamu kubwa madirisha yalikuwa yanafungwa kabisa ili upepo usipoze sahani za wakubwa. Watu kibao humo ndani, moto kila kona, hewa hakuna. Mwenyewe alijua, na aliandika kwamba mkaa unawamaliza wapishi. Lakini utukufu wa kazi aliuweka mbele, akaendelea. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Unavuta inaingia kwenye damu, inakaa kwenye nafasi ya oksijeni, mwili unakosa hewa huku unapumua kama kawaida. Kichwa kinaanza kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Ukioka keki hii chumbani utasikia harufu ya limau tu, hiyo nyingine huisikii. Na sisi wa vyumba vya kupanga huku Kisesa tunajuana: mvua ya masika ikipiga, jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa, kuna oda ya keki ya kipaimara kesho asubuhi na mteja ameshatoa nusu ya hela. Halafu keki ikitoka jiko linabaki humo humo chumba kipate joto, watu wanalala. Oka nje au barazani. Mvua ikinyesha tafuta banda lililo wazi pande mbili, na jiko lisilale ndani hata kama unaliona limezima, maana mkaa chini ya majivu bado unafanya kazi yake. Ukisikia kichwa kizito toka nje kwanza, keki iungue.

Carême aliondoka kwa Rothschild mwishoni mwa miaka ya 1820 akiwa mgonjwa. Muda uliobaki aliutumia kuandika. Dogo aliyeachwa mtaani bila shule alikuwa ameshatoa kitabu cha uokaji mwaka 1815, kina michoro aliyoichora mwenyewe, na vingine vikafuata. Sasa alikuwa kwenye kile kikubwa kuliko vyote, kuhusu upishi mzima wa Ufaransa. Alifariki Paris tarehe 12 Januari 1833, miaka 48, akazikwa makaburi ya Montmartre. Wengi walioandika maisha yake wanautaja moshi wa mkaa wa miaka yote ile. Kitabu hakukimaliza, juzuu mbili za mwisho kati ya tano ziliandikwa na mpishi mwenzake, Plumerey.

Wenye oveni za umeme tuwekeeni hapo chini joto na dakika zenu, vipimo vyangu ni vya mkaa tu.