Réaumur: Mtu aliyelipima joto la kuku anayeatamia

KATIKA ufugaji wa kuku na kware hakuna hasara inayouma kama ya yai linaloharibika siku ya mwisho. Mfugaji amenunua yai, amelipia umeme au mafuta ya taa, na amegeuza mayai kwa zaidi ya wiki mbili. Kisha kifaranga anatoboa ganda, analia, anachoka na kufia humo humo. Je, asaidiwe au aachwe? Swali hilo lilimshughulisha mtu ambaye wengi humkumbuka kwa kipimajoto chake tu, Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur.

Réaumur alizaliwa mwaka 1683 katika mji wa bandari wa La Rochelle. Mwaka 1708, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliingia katika Akademia ya Sayansi ya Paris. Hakuchagua kazi za kifahari. Alichunguza viwanda vya chuma, na mwaka 1722 alitoa kitabu kuhusu utengenezaji wa chuma cha pua. Serikali ilipomtunuku pensheni kubwa kwa kazi hiyo, aliomba fedha hizo ziendelee kuisaidia Akademia baada ya kifo chake. Aliandika pia majuzuu sita kuhusu wadudu. Mwaka 1730 alitangaza kipimajoto chake, ambacho maji huganda kwenye sifuri na kuchemka kwenye nyuzi 80.

Kipimajoto hicho ndicho kilichompeleka kwenye banda la kuku. Wakati huo Wamisri walikuwa wakitotolesha maelfu ya mayai katika matanuri ya udongo, na ujuzi huo ulirithishwa na watu wa kijiji cha Bermé kutoka baba hadi mwana. Réaumur alieleza pia biashara yao ilivyokwenda. Msimamizi wa tanuri alipewa mayai 45,000 na kutakiwa kurudisha vifaranga 30,000, yaani theluthi mbili. Waliozidi hapo walikuwa wake. Kwa maneno mengine, faida yake ilitegemea uangalifu wake.

Wamisri hawakuwa na kipimajoto, walitegemea mazoea ya mkono na ngozi. Réaumur aliona kwamba mazoea hayawezi kuuzwa sokoni wala kufundishwa kwa barua, lakini namba inaweza. Alipima joto la kuku anayeatamia akapata takribani nyuzi 32 za kipimo chake, ambazo kwa Selsiasi ni kama 40. Kwa mkulima asiyemudu kipimajoto alibuni njia rahisi. Alichanganya siagi na mafuta ya mnyama katika chupa ndogo na kuiweka kando ya mayai. Mchanganyiko ukilainika kama uji mzito, joto linatosha.

Hata hivyo, namba peke yake haikumwokoa. Alifukia mapipa katika lundo la samadi ya farasi ili atumie joto la bure, na joto likawa sawa, lakini mayai yakafa. Baada ya majaribio mengi aligundua kuwa adui ni mvuke wa samadi uliopenya hadi kwenye mayai. Alipouzuia usipenye, vifaranga wakaanza kutoka. Alijaribu pia joto la tanuri la mikate, na akawatengenezea vifaranga mama wa bandia, yaani kisanduku kilichotandikwa ngozi ya kondoo.

Mambo hayo yote aliyaweka katika kitabu kilichotoka Paris mwaka 1749. Humo alifuatilia jinsi kifaranga anavyotoka. Aliona kuwa wengine hukwama kwa sababu manyoya yao yamegandamana na utando wa yai, na kwamba hao wanaweza kusaidiwa kwa mkono. Lakini alitambua pia kuwa kabla ya kutoka, kiini huvutwa na kuingia tumboni kupitia kitovu. Anayetolewa kabla ya hapo hutoka akiwa dhaifu.

Elimu ya leo inaliunga mkono jambo hilo. Yai la kware huchukua siku 17 hadi 18, na mashine yenye feni huwekwa karibu nyuzi 37.5. Siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi, na unyevunyevu hupandishwa hadi asilimia 65 au 70. Kifaranga akishatoboa, hupumzika kwa saa nyingi huku damu ikirudi mwilini kutoka kwenye utando na kiini kikimalizika kuingia. Mfugaji anayebandua ganda mapema hukata mishipa ambayo bado ina damu. Anayefungua mashine kila dakika hukausha utando, na hivyo huwakwamisha hata waliokuwa wazima.

Msaada unafaa pale tu saa nyingi zimepita, kazi imesimama na utando umekauka. Lowesha utando kwa maji ya uvuguvugu, kisha bandua ganda kidogo kidogo kuzunguka upande mnene wa yai. Ukiona damu, acha na umrudishe kwenye joto. Usimvute kamwe, amalizie mwenyewe.

Kiuchumi, kumwokoa kifaranga mmoja ni jambo dogo. Lakini wakikwama wengi katika mzao mmoja, tatizo liko kwenye mashine au kwenye mayai ya mbegu, na hapo mkono hautatibu kitu. Andika joto, unyevunyevu na idadi ya waliokwama kila mzao, kisha linganisha.

Réaumur alifariki mwaka 1757 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Kipimo chake cha nyuzi 80 kimeshaachwa karibu kila mahali. Kilichobaki ni ile tabia ya kupima na kuandika kabla ya kuingiza mkono, na mfugaji anaweza kuianza kwa daftari na kalamu tu.