Melchior Ndadaye, mkimbizi aliyerudi kuwa rais

Kila tarehe 21 Oktoba Burundi humkumbuka Melchior Ndadaye, rais aliyeuawa siku hiyo mwaka 1993. Wengi wanamjua kama rais wa kwanza wa nchi hiyo kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Lakini kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka, kuna sehemu ya maisha yake ambayo husahaulika: kwa miaka 11 alikuwa mkimbizi katika nchi ya jirani.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1953 huko Nyabihanga, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Muramvya. Mwaka 1972, akiwa mwanafunzi Gitega, uasi ulizuka kusini mwa nchi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, hata wanafunzi. Waliouawa wanahesabiwa kwa malaki. Ndadaye aliokoka kwa kukimbilia Rwanda.

Huko hakuwekwa kambini kusubiri chakula cha msaada. Aliendelea na shule Butare, akaingia chuo kikuu akasomea elimu, kisha akawa mwalimu. Haki mbili, ya kusoma na ya kufanya kazi, ndizo zilizomgeuza kijana aliyekimbia na maisha yake tu kuwa mtu mwenye taaluma.

Hata hivyo mapokezi hayo yalikuwa na siasa ndani yake. Wakati Rwanda inawapokea Wahutu wa Burundi, Watutsi wa Rwanda waliofukuzwa tangu 1959 walikuwa wakiishi Burundi kama wakimbizi. Kila nchi ilimfungulia mlango mtoto wa jirani huku ikimfungia mtoto wake. Mkimbizi aliyepokelewa kwa sababu ya kabila lake anajua kwamba upepo wa siasa ukigeuka, mlango huo unaweza kufungwa. Ndiyo maana haki iliyoandikwa katika sheria ina faida kuliko huruma ya mtawala.

Akiwa Rwanda, Ndadaye aliongoza chama cha wanafunzi wa Kirundi, na mwaka 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa UBU, chama cha wafanyakazi wa Burundi. Alitofautiana na wenzake kuhusu njia ya kufuata, akajitoa, na mwaka 1983 akarudi nyumbani. Gitega alipata kazi ya kusimamia mikopo katika ushirika wa akiba na mikopo. Wafanyabiashara wataelewa kazi hiyo ilimfundisha nini: kukaa na mkulima na mchuuzi, kupima nani ataweza kulipa, na kuona mtu anavyoshindwa kusonga mbele kwa kukosa mtaji mdogo. Baadaye alifanya kazi benki mjini Bujumbura.

Siasa hakuiacha. Mwaka 1986 yeye na wenzake waliunda FRODEBU kwa siri, kwa kuwa sheria iliruhusu chama kimoja tu. Mwaka 1988, baada ya mauaji ya Ntega na Marangara, alikamatwa akawekwa ndani kwa miezi kadhaa. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, chama chake kilijitokeza hadharani. Tarehe 1 Juni 1993 alimshinda Rais Pierre Buyoya kwa karibu asilimia 65 ya kura. Tarehe 10 Julai aliapishwa, akamteua Sylvie Kinigi, mwanamke kutoka UPRONA, chama alichokishinda, kuwa waziri mkuu.

Wakimbizi wa 1972 waliona njia imefunguka. Maelfu walianza kurudi, na hapo likaibuka jambo gumu kuliko kura: ardhi. Katika uwanda wa Rumonge na Nyanza-Lac mashamba yao ya michikichi yalikuwa mikononi mwa wengine, baadhi wakiwa wamepewa na serikali yenyewe. Aliyerudi alikuwa na haki. Aliyekuwa amelima pale miaka 20 alikuwa na watoto wa kulisha. Ndadaye hakupata muda wa kulimaliza. Usiku wa kuamkia 21 Oktoba wanajeshi waliasi, wakamuua pamoja na viongozi wengine. Mauaji ya kikabila yakafuata nchini, Watutsi na Wahutu wakafa, na malaki ya watu wakavuka mpaka kwenda Rwanda, Tanzania na Zaire. Suala la wakimbizi na mali zao lilipata sura yake katika Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000.

Maisha yake yanamhusu mfanyabiashara wa leo. Lori la mawese kutoka Rumonge linapita Kanyosha kabla ya kufika katikati ya Bujumbura, na mafuta hayo yanatoka katika mashamba yaliyogombaniwa na waliorudi. Bujumbura hiyo hiyo inaishi na Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu wengine waliingia Burundi. Nchi hiyo ilijiunga na Mkataba wa Geneva wa wakimbizi mwaka 1963, lakini kwa masharti: haki ya kufanya kazi iliichukua kama pendekezo, na mkimbizi asichague kuishi katika eneo linalopakana na nchi aliyotoka. Mwaka 2008 ilitunga sheria yake ya hifadhi.

Mama Mkongo anayetandaza vitenge vyake sokoni hadai upendeleo. Anahitaji karatasi inayotambulika, ruhusa ya kuuza, na mahali pa kuweka akiba. Hayo ndiyo Ndadaye aliyapata kwa jirani na baadaye akayafanyia kazi Gitega. Anayemfukuza mkimbizi sokoni leo akumbuke kwamba katika ukanda huu hakuna nchi ambayo watu wake hawajawahi kubisha hodi kwa jirani.