Richard Böhm na Mti wa Miombo
Richard Böhm alikuwa mtaalamu wa viumbe. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1854. Mwaka 1880 alikuja nchini kwetu, akakaa Igonda, kusini ya Tabora. Baadaye alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikusanya ndege na mimea. Mwaka 1884 alifariki huko Katanga, akiwa na miaka 29 tu.

Mimea yake ilihifadhiwa Berlin katika hebaria, yaani nyumba ya mimea iliyokaushwa. Mwaka 1943, wakati wa vita, sehemu kubwa ya hebaria hiyo iliteketea. Lakini mti mmoja wa miombo, Brachystegia boehmii, bado una jina lake. Nao humea katika misitu ya Mpanda.

Mwanafunzi wa Kabungu, kausha tawi dogo. Andika jina lake, mahali na tarehe.