Livingstone na mkewe Mary: waliouguzana



Katika toleo hili tunaleta habari za Daktari David Livingstone. Wenyeji wetu wanamjua kwa sababu tarehe 8 Novemba 1867 alifika kwenye ziwa hili la Mweru, na mwezi uo huo akaenda kwa Mwata Kazembe. Safari zake zimesimuliwa sana. Sisi tunataka kusema juu ya ndoa yake, maana kati yetu wako ndugu ambao kazi yao ya kila siku ni kumwinua mwenzi kitandani, kumwosha, na kumfundisha tena kushika kijiko.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu umri wa miaka 10. Akasomea udaktari, na mwaka 1841 akafika Kuruman, Afrika ya Kusini, kwenye kituo cha mmisionari Robert Moffat. Mwaka 1844 simba alimrukia huko Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Akaenda kupumzika Kuruman ili apone, na katika siku hizo za udhaifu akamchumbia Mary, binti Moffat. Wakaoana Januari 1845. Mkono haukurudi kamwe kuwa kama zamani.

Mary alizaliwa Afrika mwaka 1821, akajua maisha ya huku kuliko mumewe. Mwaka 1850, akiwa mjamzito, alisafiri pamoja naye na watoto mpaka ziwa Ngami. Watoto wakapata homa. Waliporudi Kolobeng akajifungua binti, Elizabeth, akaishi wiki sita tu. Ndipo uso wa Mary ukapooza upande mmoja.

Hapa tusimame kidogo. Uso ukipinda, watu wetu husema haraka kwamba mtu amerogwa. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa uso uliougua, na wengi hupona baada ya majuma au miezi. Jicho lisilofunga lilindwe na vumbi, na usiku lifunikwe. Lakini mkono au mguu ukilegea ghafula, au maneno yakikwama, hicho chaweza kuwa kiharusi: mpelekeni hospitali saa ile ile, maombi mfanye mkiwa njiani.

Livingstone alimrudisha Mary Kuruman, nyumbani kwa wazazi wake, wakakaa miezi kadhaa apate nguvu. Hapo alifanya vema. Lakini mwaka 1851, Mary akiwa na mimba tena, alitaka kusafiri naye kaskazini. Mama mkwe akamwandikia barua kali ya kumkataza. Hakusikia. Jangwani watoto walikosa maji kwa siku nne, na Mary akajifungua mtoto wa kiume njiani. Katika jambo hili sisi tunasimama upande wa mama mkwe. Mtu aweza kuwa mtumishi mkubwa wa Mungu na bado asione uchovu wa mke wake.

Mwaka 1852 akampeleka Mary na watoto wanne Cape Town, wakapanda meli kwenda Uingereza. Alisema ni miaka miwili. Ikawa zaidi ya minne. Sisi tuliokimbia Kongo tunaweza kuyafahamu maisha yake ya huko: kuhama nyumba hii na ile, fedha kidogo, kutopatana na ndugu wa mume, baridi. Imani yake ikayumba, hata akaanza kunywa pombe. Hatulisemi ili kumwaibisha. Anayengoja peke yake huchoka hata rohoni.

Mwanzoni mwa 1862 alimfuata mumewe kwenye mto Zambezi. Miezi mitatu tu, malaria ikamshika. Huko Shupanga mumewe alimlaza juu ya kitanda kilichopangwa kwa masanduku, akamuuguza pamoja na Daktari Kirk. Kwinini haikusaidia. Akafa Jumapili tarehe 27 Aprili 1862, na Livingstone akalia mbele ya wenzake bila kujificha. Baadaye, katika karatasi za Mary, akakuta sala fupi ambayo mkewe alimwomba Mungu ampokee jinsi alivyo na kumfanya awe anavyopasa kuwa. Kumbe imani ile haikuzimika.

Basi alipofika Mweru alikuwa amefiwa na mke miaka mitano. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa Januari mwaka ule, naye sasa ndiye aliyekuwa mgonjwa. Miongoni mwa waliomtunza walikuwa Chuma, aliyeokolewa utumwani, na Susi, mtu wa Shupanga, pale pale penye kaburi la Mary. Mwaka 1873, alipokuwa hawezi kutembea, walimbeba kitandani mpaka kijiji cha Chitambo, naye akafa huko. Wakauzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Huko London ulitambuliwa kwa mkono ule uliovunjwa na simba, ukazikwa tarehe 18 Aprili 1874 katika kanisa la Westminster. Mary yuko Shupanga, alipozikwa chini ya mbuyu.