Nyerere na karatasi yenye jina moja

Februari 1977 Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya, mfanyabiashara wa Namanga hakuulizwa. Rais alikuwa Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, 1922.

Mwaka 1962 alishindana na Zuberi Mtemvu. Kuanzia 1965 hadi 1980 alisimama mara nne peke yake. Mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana tu. Ushindani ulibaki kwa wabunge, jembe dhidi ya nyumba. Mwaka 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa huko Mwanza.

Uchaguzi wa 1980 ukapita, mpaka bado umefungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya marais watatu kukubaliana Arusha juu ya mali na madeni ya Jumuiya iliyovunjika.

Nyerere aling'atuka 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, wiki chache kabla ya mkataba wa Jumuiya mpya kutiwa saini.

Asemaye kura ya rais haibadilishi kitu ana ushahidi Namanga. Lakini Mwanza wanajua kwamba kura ya mbunge ilimng'oa waziri.