Burkitt na Neno "Usugu"

Mwalimu mmoja wa biolojia mjini Kerugoya alinitaka nimweleze maana hasa ya usugu wa dawa, kwa kuwa wanafunzi wake humwuliza kwa nini dawa ya saratani ya damu humponya mgonjwa huyu ikamshinda yule. Alimwendea mtu wa isimu. Nami nikajikuta ninamsimulia habari za mpasuaji, Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa mtoto alipoteza jicho moja, jambo ambalo halikumzuia kusomea upasuaji wala kuja Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Punde akaona mwingine kama huyo Jinja. Wengi wangemtibu mtoto na kunyamaza. Yeye aliuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Akaandikia hospitali nyingi, kisha mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu, maili 10,000, hadi Afrika Kusini. Ramani yake ilionyesha kwamba saratani hiyo ya limfu hufuata nyanda zenye joto na mvua na kuiepa miinuko ya baridi. Leo twajua kwamba malaria imo katika chanzo chake, pamoja na virusi vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Kwa hiyo Kerugoya, ubavuni mwa Mlima Kenya, ina nafuu ambayo watu wa Mwea hapo chini, penye mbu wa mashamba ya mpunga, hawana.

Mulago haikuwa na tiba ya mionzi, na kisu hakikufaa. Burkitt akajaribu dawa: methotreksati, saiklofosfamidi, vinkristini. Uvimbe ukayeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa, ajabu kubwa zama hizo. Wengine uliwarudia, na dawa ile ile isifue dafu.

Hapo neno letu hutuponza. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, basi mwanafunzi hudhani dawa imegonga ukuta. Mwaka 1976, Juliano na Ling, huko Kanada, walieleza protini ya utando wa seli iitwayo P-glaikoprotini. P hiyo ni ya upenyezaji: hata wao walidhani kwanza kwamba inazuia dawa isipenye. Kumbe vinkristini huingia, ikakamatwa na kutupwa nje. Seli chache zenye protini hiyo kwa wingi husalia wenzake wakifa, zikazaana. Ndivyo ilivyo pia katika baadhi ya saratani za damu. Dawa za kuiziba pampu hiyo zilijaribiwa, nyingi zikavunja moyo, maana protini hiyo hiyo hulinda ubongo na ini la mgonjwa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Uingereza mwaka 1993.

Mwalimu yule aliniuliza kama nina neno bora kuliko usugu. Sikuwa nalo.