Steve Allen: aliyesoma onyo la wakubwa hewani

Sisi wa zamu ya usiku redioni tuna babu yetu Marekani: Steve Allen, aliyezaliwa New York mwaka 1921, baba na mama wote wachekeshaji wa jukwaani.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa KNX, Los Angeles, akitakiwa kupiga santuri. Yeye akazidisha maneno. Wakubwa wakamwandikia kumwonya: muziki, si porojo. Alichofanya hatumshauri yeyote anayelipa kodi ya nyumba: aliisoma barua ile hewani. Wasikilizaji wakamiminia kituo barua za kumtetea, wakubwa wakalegea. Usiku mmoja mgeni wake, Doris Day, hakutokea. Allen akashika maikrofoni, akawahoji watu waliokuja kutazama.

Septemba 27, 1954 akaanzisha kipindi cha Tonight cha NBC. Huko alivaa kofia ya mwandishi wa habari na kusoma, kwa kufoka, barua za wasomaji wenye hasira magazetini. Barua zenyewe hazikuwa za kutunga, na hapo ndipo palipokuwa na kicheko.

Aliondoka Tonight mwaka 1957. Alifariki Oktoba 2000, akiwa bado anapiga vita lugha chafu kwenye televisheni.